Sista Aliyehesabu Pumzi za Watu

Ukiongea na Sista, hakukuangalia usoni. Alikuangalia kifuani. Mgeni aliona ni dharau, na wanaume wachache walijipa matumaini ya bure, mpaka walipogundua kwamba alikuwa anawahesabia pumzi. Ungeweza kumweleza habari ya mbolea ya kahawa kwa dakika kumi, yeye akiitikia "mm, mm", kisha mwisho akuambie, "Hiyo mbolea sijui. Lakini nenda kapime kifua, unavuta hewa kwa mabega."

Nilimjua kwa zaidi ya miaka ishirini. Kwanza alikuwa jirani yetu huku Old Moshi, nyumba yake ikiwa chini ya yetu, tukitenganishwa na mfereji na mstari wa migomba. Kisha alikuwa muuguzi mkuu wa wodi ya mahututi katika hospitali moja pale mjini, wodi ambayo sisi wa mlimani tunaiita chumba cha mashine. Habari za kuzaliwa kwake na za ukoo wake zilisomwa siku tulipomzika, na zilikuwa ndefu kuliko mahubiri, kwa hiyo sitazirudia. Hata jina lake sina haja nalo. Watu wote walimwita Sista, na ukisema Sista bila kuongeza neno, hapa kwetu kila mtu alijua unamsema nani.

Mimi nilikuwa na jambo langu naye. Baba yangu alifia mikononi mwake, akiwa kwenye mashine ya kupumulia, na mimi nilikuwa nimemkosea baba vibaya sana. Kwa miaka miwili nilibeba swali ambalo ni Sista peke yake angeweza kulijibu: je, baba alinisamehe kabla hajakata roho? Nitafika huko. Lakini jibu la mtu halina uzito kama humjui mwenyewe, kwa hiyo wacha nimseme kwanza.

Kazini alikuwa mkali kama pilipili kichaa. Kabla hajamruhusu ndugu wa mgonjwa kuingia, alimsimamisha mlangoni na kumpa somo ambalo sote tuliopita pale tunalijua kwa kichwa. "Mashine haiponyi. Inapumua badala yake, mwili upate nafasi ya kupigana. Kupona ni kazi ya mwili. Kwa hiyo usije ukaniambia niongeze mashine, kama vile mtu anaongeza kuni." Kisha alikuonyesha mfuko wa mpira unaoning'inia kando ya kitanda, ule wa kusukuma hewa kwa mkono, akakufundisha kuubonyeza. Sheria ya hospitali haikusema hivyo. Ilikuwa sheria yake. Alisema umeme ni kitu cha watu, na watu huchoka.

Mwalimu wa kwaya wa kanisani kwetu alijifunza faida ya somo hilo mchana mmoja, mke wake akiwa amelazwa pale. Umeme ulikatika, jenereta likakohoa bila kushika, na wauguzi walikuwa wachache kuliko vitanda. Sista alimwekea ule mfuko mkononi akaenda kwa mgonjwa mwingine. Mwalimu kwa hofu akaanza kubonyeza mbio mbio, jasho likimtoka. Sauti ya Sista ikamfikia kutoka ng'ambo ya chumba: "Hizo unazobonyeza ni pumzi zako wewe! Pumua kwanza mwenyewe, taratibu, ndipo umgawie!" Akapumua. Akamgawia. Mpaka jenereta liliposhika, mkono wake ulikuwa umekufa ganzi. Mke alipona, na leo anauza parachichi karibu na stendi, na mwalimu husema kwamba wameoana miaka thelathini lakini siku ile ndiyo alijua mke wake anavyopumua.

Methali zetu za kutulizana zilimuudhi. Ukimwambia subira yavuta heri, alikujibu hapo hapo kwamba ngoja ngoja yaumiza matumbo. Alisema watu wa mlimani wanakuja hospitali wakiwa wamechelewa kwa adabu: mzee anakohoa mwezi mzima, lakini hapelekwi mpaka shemeji aliyeko Dar ajulishwe, na shangazi akubali, na mchungaji aombe. "Mnaniletea mtu na vikao vyake," alikuwa akisema. "Kikao kimeisha, mtu naye ameisha."

Na alikuwa na msimamo mmoja ambao wengi waliuona ni ukatili. Hakumwita mtu. Saa za kuona wagonjwa zilijulikana, na asiyekuja hakuja. Aliwahi kuona vijana wanapigiwa simu mara tano, wanafika wakiwa wamenuna, wanapiga picha na mzazi mwenye mipira mdomoni, wanaondoka. Tangu hapo akaapa. "Hapa si mnadani Sanya Juu, nipige kelele watu waje. Anayempenda mgonjwa wake mlango anaujua."

Tulimwogopa, lakini tulimwamini kuliko daktari, kwa sababu hakupaka maneno mafuta. Wengine ukiwauliza hali ya mgonjwa watakuambia anaendelea vizuri mpaka siku unapoonyeshwa chumba cha maiti. Sista alikuambia, "Leo ni mbaya kuliko jana. Nenda kanywe chai urudi, utahitaji nguvu." Watu walitoka pale wakilia, lakini walitoka wakijua wanacholilia.

Sasa usidhani hakuwa na utani. Mtu mwenye mpira wa hewa kooni hawezi kutoa sauti, hata kama yuko macho na akili zake zote zipo. Basi Sista alikuwa bingwa wa kusoma mikono. Siku moja mzee mmoja kutoka Marangu, baada ya kulala siku nyingi, alifumbua macho na kuanza kuchezesha ngumi zake mbili juu ya shuka, moja juu, moja chini. Muuguzi kijana akakimbia kumwita daktari, akidhani ni degedege. Sista akamtazama mzee, akacheka mpaka akashika ukuta. "Anakamua," alisema. "Anauliza kama ng'ombe amekamuliwa." Akamwinamia sikioni, akamwambia kwa Kichagga kwamba amekamuliwa, na maziwa ni mengi. Mzee akatulia, akalala. Baadaye nilimuuliza alijuaje habari za yule ng'ombe. Akaniambia, "Sikujua. Lakini wewe ungemwambia nini?"

Maneno hayo niliyasikia, nikacheka, nikayasahau. Ningekuwa na akili ningeyashika.

Nyumbani alikuwa mtu mwingine kidogo, na hapo ndipo nilipompenda zaidi. Jumamosi alipita nyumba kwa nyumba kugombeza akina mama juu ya moshi wa jikoni. Alitaka kila jiko la kuni litobolewe dirisha. "Mnajivundika humo kama ndizi za pombe ya mbege," aliwaambia, "halafu mkifika miaka hamsini mnakuja kwangu kutafuta mapafu." Alimlazimisha mama yangu atoboe ukuta wa jiko, na mama alikasirika mwezi mzima. Lakini nyuma ya nyumba ya Sista mwenyewe kulikuwa na jiko la zamani la marehemu mama yake, la udongo, jeusi kama ndani ya chungu, halina hata tundu la panya. Siku moja nilikwenda kumrudishia ngazi nikamkuta humo, macho yanamtoka machozi, anapika kiburu, ndizi zetu za maharage.

"Sista!" nilisema.

"Umeona nini?"

"Sijaona kitu."

"Basi kaa ule. Kiburu cha gesi hakina ladha."

Nikakaa, nikala, na kweli kilikuwa na ladha. Alipoanza kuumwa mapafu baadaye, daktari hakusema kama moshi ule ulichangia, naye hakuuliza.

Sasa nifike kwa baba.

Tumezaliwa wanaume watatu. Kwetu kihamba, yaani shamba la nyumbani lenye migomba, kahawa na makaburi ya wazee, hubaki kwa kitinda mimba. Mkubwa hukatiwa sehemu yake mapema. Wa katikati hujitafutia. Mimi ni wa katikati. Nilijua desturi hiyo tangu nikiwa mtoto, lakini kujua ni kitu kimoja na kukubali ni kingine. Siku baba alipokaa na ukoo kutangaza mgawanyo, nilisimama mbele ya wajomba na mashangazi nikamwambia, "Ukifa sitakuja kukuzika." Kwa Mchagga hakuna neno la kuzidi hilo. Baba aliweka chini kata yake ya mbege bila kunywa, akachukua panga, akaenda kumkatia ng'ombe majani. Nilishuka mjini, nikapanga chumba Majengo, nikaendelea na kazi yangu ya ufundi umeme. Hatukusemeshana miaka minne.

Kisha nimonia ikambana, akapelekwa chumba cha mashine. Nilifika siku ile ile. Nilifika mpaka kwenye benchi la nje ya mlango, hatua kama ishirini, na hapo nikakaa.

Inabidi nieleze kwa nini nilikaa, maana hata mke wangu, ambaye si wa huku, hajawahi kunielewa. Kosa kama lile huliendei kwa miguu yako. Unamtuma mzee wa ukoo apeleke isale, lile jani refu la kijani tunalolipanda mipakani, na aliyekosewa akiletewa isale hawezi kukataa kusamehe. Ukimwendea mikono mitupu, umemtukana mara ya pili. Mzee aliyestahili kulipeleka alikuwa binamu yake baba, tunayemwita Baba Mkubwa, naye alikuwa Sanya Juu kwenye mavuno ya mahindi yake. Nilimpigia simu. Akaniambia, "Nakuja kesho. Usiingie bila mimi." Kesho yake akasema lori la mahindi limeharibika, anakuja siku itakayofuata. Nami nikatii. Mimi, mtu mzima wa miaka arobaini, ninayewacheka wenzangu kwa ushirikina wao, nilikaa kwenye benchi siku mbili nikingoja jani. Ndugu zangu waliingia na kutoka, wakanipita. Sista alinipita pia, mara nyingi, na kila mara nilisimama nikamwambia shikamoo, naye akaitikia marahaba akiwa ananitazama kifuani.

Siku ya tatu asubuhi Baba Mkubwa akafika na isale kwenye mfuko wa koti. Sista akatuzuia mlangoni. "Majani hayaingii humu." Baba Mkubwa akaanza kumweleza kwa Kichagga, polepole, jambo lote tangu mwanzo, kihamba, kikao, neno nililolisema. Sista alimsikiliza mpaka mwisho. Nakumbuka aligeuka akanitazama, na safari ile alinitazama usoni. Kisha akalichukua lile jani, akalifuta kwa pamba yenye spiriti, upande huu na upande huu, akatuamuru tukanawe na kuvaa makoti ya hospitali, naye akaingia nalo.

Tulipoingia, isale lilikuwa kwenye mkono wa kulia wa baba na vidole vyake vimefumbata. Macho yamefungwa. Kifua kinapanda na kushuka kwa kipimo cha mashine.

"Amelikamata mwenyewe," Sista alisema.

Baba Mkubwa akasema, "Basi, imekwisha." Nililia mle ndani bila aibu. Kesho yake alfajiri baba akafa, na kaburi lake nililichimba mimi na ndugu zangu, kihambani, na nilirusha udongo mwingi kuliko wao wote.

Miaka minne niliishi vizuri na vile vidole. Kisha nikapata kazi ya kufunga umeme kwenye nyumba ya mama mmoja mjane huko Marangu. Nikiwa juu ya ngazi, yeye akinishikia tochi, akanisimulia kwamba mume wake alifia chumba kile kile, kwenye mashine, na kwamba Sista alimfariji sana. "Aliniambia mume wangu aliita jina langu mara mbili," alisema. "Mara mbili, fundi. Sitalisahau mpaka nakufa."

Nilimaliza kufunga swichi. Lakini mtu mwenye mpira kooni haiti jina la mtu, wala mara moja. Sista ndiye aliyetufundisha hivyo, pale pale mlangoni. Ikanijia habari ya mzee na ng'ombe. Ikanijia kwamba baba siku ile alikuwa amelazwa kwa dawa ya usingizi. Kama Sista, yule asiyepaka maneno mafuta, aliweza kumpa mama yule jambo lisilowezekana, mimi alinipa nini?

Miaka miwili nilikutana naye kila Jumapili kwenye uwanja wa kanisa, nikamsalimia, na sikuuliza. Niliogopa. Swali ambalo hujauliza bado lina majibu mawili.

Wakati huo huo yeye alikuwa ameanza kuishiwa pumzi. Alikuwa amestaafu. Kilianza kikohozi kikavu, kisha akaanza kupumzika katikati ya njia kati ya geti na mlango wake, akijifanya anakagua kahawa. Alijipima mwenyewe kabla ya daktari. Hata vipimo vilipotoka, alikuwa anamwelezea binti yake, aliyekuwa akiishi naye, kama mwalimu anayesahihisha daftari: mapafu yameota makovu, yamekuwa magumu, hayatanuki, na dawa inaweza kuchelewesha tu. Kilichobaki ni kupandikizwa mapafu mengine, na hilo hapa nchini halifanyiki. Ni India.

Sote tulidhani atakataa. Mwanamke aliyewaambia watu maisha yake yote kwamba mwili ukishindwa mashine haiwezi, aliyefunga macho ya nusu ya wazee wa mlima huu, tulidhani atasema ni mapenzi ya Mungu na kuomba wimbo. Akina mama wa jumuiya walikwenda kumtembelea wakiwa wameshaandaa nyuso za kuagana. Mama yangu alikuwemo, na ndiye aliyenisimulia. Sista akawaambia, "Nayataka hayo mapafu. Nayataka sana. Msiniangalie hivyo."

Akawaeleza inavyofanyika. Kifua kinafunguliwa, mapafu mabovu yanatolewa, yanawekwa ya mtu aliyekwisha kufa ambaye yeye au watu wake wametoa ruhusa. Baada ya hapo unakaa karibu na hospitali miezi mingi, na unameza dawa mpaka mwisho wa maisha ili mwili usiyakatae, na kila mafua ni hatari. Bibi mmoja mzee akauliza kilichokuwa kwenye mioyo ya wote: "Na huyo mwenyewe, atazikwaje bila mapafu?"

"Atazikwa na watu wake," Sista alijibu. "Na mimi nitamwombea kila nikivuta hewa. Nani mwingine kaburini anaombewa mara nyingi hivyo?"

"Na siku ya ufufuo?"

"Siku hiyo nitamrudishia. Nitamtafuta mwenyewe."

Mwanawe aliyeko Dar akatuma picha zote na vipimo vyote, na siku ikapangwa ya kuongea na madaktari wa kule kwa simu ya video. Alivaa gauni lake la kanisani. Wakamwambia kwa heshima kwamba moyo wake umeshachoka kwa kuyasukumia damu yale mapafu magumu, hautaistahimili operesheni, na kwamba angekuja mapema kidogo ingewezekana. Binti yake anasema aliwashukuru vizuri, kwa Kiingereza kizuri, akazima simu. Kisha hakusema na mtu siku tatu. Mchungaji alikuja akarudishwa getini. Sista alikuwa na hasira, na sioni kwa nini nimfiche. Hakuwa tayari kufa, na alimchukia kila aliyemtaka awe tayari.

Siku ya nne akatoa amri moja tu. Asipelekwe chumba cha mashine. "Mashine inamshikilia mtu wakati kuna kitu kinakuja," alimwambia binti yake. "Mwili unapona, au mapafu yanakuja. Kwangu hakuna kinachokuja. Itanishikilia ingoje nini?"

Ndivyo nilivyoitwa mimi. Alikuwa amepewa mashine ndogo ya oksijeni ya nyumbani, ile ya umeme, na kila umeme ukikatika ilikufa, naye akabaki anatapatapa mpaka binti amwunganishie mtungi. Nilipanda na betri mbili na inveta, mchana wa mwezi wa saba, ukungu umeshuka mpaka kwenye migomba. Nilifunga kila kitu, nikazima umeme kwenye mita kujaribu, mashine ikaendelea kuunguruma bila kutikisika. Binti yake akashukuru akaenda jikoni kututengenezea chai.

Sista alikuwa kwenye kiti, blanketi magotini, mipira miwili puani. Amekonda, macho makubwa. Alinitazama kifuani.

"Fundi," alisema. "Mbona unapumua kama mwizi?"

"Nina swali, Sista."

"Uliza." Akavuta hewa. "Maneno yangu ni machache siku hizi. Usiyamalize kwa salamu."

Nikamuuliza. Nilisema, "Baba alilikamata lile isale mwenyewe?"

Hakushtuka. Nadhani alikuwa akilingoja swali hilo kwa muda mrefu kuliko nilivyolibeba mimi.

"Hapana," alisema. "Nilimkunja vidole mimi. Mlipokuwa mnanawa."

Nilikuwa nalijua jibu hilo kwa miaka miwili, na bado liliniuma kama jipya. Nikainamisha kichwa. Yeye akanyanyua kiganja, kama anavyofanya mtu anayezuia gari.

"Bado. Sijamaliza." Alipumua mara tatu, nne. "Meku, mzee wako, alikuwa macho. Siku mbili. Kabla ya mzee wenu kuja."

"Macho?"

"Tulimpunguzia dawa. Akawa ananionyesha vidole viwili. Hivi. Nikadhani anataka shuka mbili. Hapana. Akaja mdogo wako, saa ya kuona wagonjwa. Akatikisa kichwa. Akaja mkubwa. Akatikisa kichwa. Vidole viwili tena." Aliacha kuongea kidogo, akameza hewa. "Mtoto wa pili. Alikuwa anamtaka mtoto wa pili."

Nikavitazama vile vidole vyake viwili, bado viko juu.

"Siku ya kwanza alikuita. Siku ya pili alikuita. Na mimi nilijua uko wapi. Nilikuwa nakupita pale kwenye benchi. Unanisalimia." Machozi yalikuwa yanamtoka bila kilio, maana kilio kinataka hewa. "Nikasema, kama anamtaka baba yake, mlango anaujua. Mimi siiti mtu. Sikujua mnangoja jani. Mzee wenu aliponieleza, meku alikuwa ameshazidiwa. Tumemlaza tena. Ningekuambia nini? Kwamba alikuita siku mbili, na mimi ndiye niliyekuacha umekaa?"

Nilikasirika. Nilimkasirikia yeye, na kiapo chake, na ile shikamoo yangu aliyokuwa akiiitikia akipita. Nilimkasirikia Baba Mkubwa na mahindi yake. Kisha hasira ikafika nyumbani kwake, kwangu mimi, mtu aliyekaa hatua ishirini kutoka kwa baba yake kwa siku mbili nzima. Lakini chini ya hasira hiyo kulikuwa na jambo jingine, na lilikuwa kubwa kuliko vidole vilivyofumbata, na hakuna aliyenitengenezea: baba alinitaka. Aliwatikisia kichwa ndugu zangu wote wawili akanitaka mimi.

"Nisamehe," Sista alisema. "Sina mzee wa kumtuma. Nakuomba mwenyewe."

Niliangalia kifua chake kikipanda na kushuka, kifupi kifupi, na nikaona kwamba hana siku mbili za kunipa.

"Nimekusamehe, Sista," nilisema.

Akatega sikio. "Sema tena. Hii mashine ina kelele."

Nikasema tena, kwa sauti kubwa, mpaka binti yake akaja mbio kutoka jikoni akidhani tunagombana.